Boksi la spika

Boksi la spika ni kasha, kwa kawaida la mbao au plaiwudi, ambamo spika hufungwa ili besi isikike vizuri. Spika ikiachwa wazi, mawimbi ya mbele na ya nyuma hufutana.

== Hesabu ==
Boksi huweza kuzibwa kabisa au kuwa na tundu lenye bomba. Katika boksi lenye bomba, hewa hutetemeka kwa masafa yanayotegemea ujazo wa boksi pamoja na upana na urefu wa bomba. Neville Thiele wa Australia alichapisha hesabu zake mwaka 1961. Richard Small aliziendeleza miaka ya 1970. Kwa mfano, boksi la lita 50 lenye bomba la kipenyo cha sm 10 na urefu wa sm 22 huvuma kwenye hezi 40 hivi. Bomba likikatwa nusu, masafa hupanda hadi takriban hezi 51.

== Majaribio ==
Fundi wa Kibaha au Kisarawe akipata spika ya mtumba isiyo na karatasi ya vipimo, hukosa tarakimu za kuanzia. Hivyo huweka bomba refu, kisha hulipunguza kidogo kidogo huku akisikiliza. Kukisia tu kuna hasara: chini ya masafa ya bomba, hewa haiizuii tena koni, nayo ikisukumwa kwa nguvu huweza kuharibika. Hesabu nazo hazijui chumba. Spika ikisogezwa kwenye kona, besi huongezeka. Kwa hiyo hesabu hutoa kipimo cha kwanza, na sikio hukirekebisha.