Damu Isiyoonekana: Kipimo cha Choo Kilikotoka

 

Pengine nyumbani kwako yuko baba, shangazi au nyanya aliyetolewa vinyama kwenye utumbo mpana, vile ambavyo madaktari huviita polipu. Alipona, akarudi shughulini. Sasa jirani anamwambia, "Usirudi tena kuingizwa kamera, ni gharama bure. Pima choo tu. Damu isipoonekana, umepona." Je, ni kweli? Tuanze na historia.

Damu nyingi ukiiona chooni utaitambua. Ikiwa kidogo, hujificha. Mwaka wa 1864, Izaak van Deen wa Uholanzi alieleza jinsi ya kuitambua damu kwa kutumia utomvu wa mti mmoja wa visiwa vya Karibi. Penye damu, utomvu huo hugeuka rangi ya buluu. Mwaka wa 1901, daktari Mjerumani Ismar Boas alionyesha kwamba damu iliyojificha katika choo yaweza kuwa dalili ya saratani ya tumbo au utumbo. Kisha mwaka wa 1967, David Greegor wa Marekani akaeleza kipimo ambacho mtu hupaka choo chake kidogo kwenye karatasi akiwa nyumbani.

Je, kilisaidia? Mwaka wa 1993 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Minnesota, Marekani, uliohusu watu zaidi ya 46,000. Kwa waliopimwa kila mwaka, vifo vya saratani ya utumbo mpana vilipungua kwa theluthi moja. Kipimo hicho cha zamani kiliweza kudanganywa na nyama nyekundu. Cha siku hizi hutafuta damu ya binadamu peke yake, kwa hiyo mgonjwa anaweza kula nyama.

Kamera nayo ina historia yake. Mwaka wa 1969 huko New York, Hiromi Shinya na William Wolff walianza kukata polipu kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya mpira wa kamera, bila kupasua tumbo. Polipu hutolewa kwa sababu nyingine huweza kugeuka saratani polepole. Na aliyeota moja anaweza kuota nyingine. Ndiyo maana daktari hutoa tarehe ya kurudi.

Sasa turudi kwa maneno ya jirani. Mwaka wa 2019 Uingereza ilitoa matokeo ya watu karibu 6,000 waliokwisha kutolewa polipu. Walipimwa choo kila mwaka kwa miaka 3, kisha wakaangaliwa kwa kamera. Kipimo cha choo kilinasa saratani nyingi, na kwa gharama nafuu. Lakini nyingine kilizikosa, na polipu za hatari kilizikosa kwa wingi. Sababu ni kwamba polipu nyingi hazitoi damu. Nyingine hutoa leo, kesho zikanyamaza.

Kwa hiyo mama, kumbuka haya:

Kwanza, choo kisicho na damu hakifuti tarehe ya kamera. Wenye polipu chache ndogo huenda wasihitaji kurudi upesi, lakini hilo aamue daktari.

Pili, pesa zikiwa shida, usinyamaze. Mwambie daktari, muulize kama kipimo cha choo kitafaa wakati mnapojipanga.

Tatu, kipimo kikionyesha damu, kamera haiepukiki. Kurudia kipimo ukitumaini jibu jingine ni kupoteza wakati.

Nne, ukiona damu kwa macho, choo cheusi kama lami, au mgonjwa akikonda na kuishiwa nguvu, usingoje kipimo. Mpeleke hospitalini. Akitokwa na damu nyingi katika wiki 2 baada ya kukatwa polipu, mpeleke siku hiyo hiyo.

Tano, hifadhi karatasi zake zote za hospitali pahali pamoja. Zinaeleza polipu zilikuwa ngapi na za aina gani.

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Utumbo ulionyamaza usituhadae. Leo jioni itafute ile kadi, usome tarehe ya kurudi. Kwaheri kwa sasa.