Picha za Kale za Mto Waso na za Vyombo vya Majini

Ndugu wanachama na wazee wetu, baada ya hesabu za fedha na habari za karo na misaada ya mazishi, twaomba ruhusa yenu tuandike kurasa hizi chache juu ya jambo ambalo halikuwamo katika mipango ya mwaka, nalo ni picha za zamani mlizotuletea. Tulipotoa mwito kwamba kila nyumba itazame ndani ya masanduku yake, tulidhani tutapata picha za arusi, za shule na za vitambulisho. Tulizipata. Lakini nyingi kuliko tulivyotazamia zilikuwa picha za maji: mto, kivuko, ng'ombe waliozama hadi mabegani, na hata meli.

Meli, Korbesa! Msomaji asicheke upesi. Twajua sote kwamba nchi yetu si nchi ya mitumbwi, na kwamba jina la Korbesa kwa Kiborana ni beberu, yaani mbuzi dume (neno ambalo vijana wetu waliosoma hawakuacha kulifanyia mzaha tangu siku za kudai Uhuru). Hata hivyo katika nyumba tatu mbalimbali tulikuta picha ya kijana wa kwetu amesimama wima, mkono kiunoni, na nyuma yake meli kubwa yenye madirisha mengi. Wajukuu walikuwa wameambiwa kwamba babu alisafiri baharini. Tulipozitazama vizuri tuliona kwamba meli ile haielei popote. Imechorwa kwa rangi juu ya kitambaa. Miaka ya 1980 na 1990 palikuwa na wapiga picha wenye vibanda vyao karibu na kivuko cha Likoni, huko Mombasa, na watu wa bara waliokwenda kutafuta kazi walipigwa picha mbele ya mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, kisha wakazituma nyumbani. Basi meli ni ya uongo, lakini kijana ni wa kweli, na safari yake ya kwenda pwani ni ya kweli. Hatukuona sababu ya kuwaondolea wajukuu furaha yao, ila tumeandika nyuma ya nakala zetu ilivyo.

Maji yetu wenyewe yana habari ndefu zaidi. Mto Waso, ambao katika ramani huitwa Ewaso Nyiro, hutoka katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukashuka kupitia nchi ya Wasamburu hadi kwetu, ukaishia katika kinamasi cha Lorian. Mwaka 1892 Mmarekani mmoja, Bwana William Astor Chanler, pamoja na Ludwig von Höhnel wa Austria, walifuata mto huu kuelekea chini wakitumaini kwamba Lorian ni ziwa. Walikuta matope na matete. Bwana Chanler alikuwa na kamera, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1896 kina picha alizozipiga mwenyewe safarini. Baada yake walikuja maofisa wa Serikali ya Kiingereza. Kwa kuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa imefungwa, na mgeni hakuingia ila kwa kibali, waliokuwa na kamera siku zile walikuwa wachache, nao walipostaafu walirudi Uingereza na albamu zao. Ndiyo maana picha iliyobaki katika sanduku la mama mmoja wa Korbesa, hata ikiwa imeliwa na mchwa pembeni, kwetu ina thamani kuliko kumi zilizoko ng'ambo, kwa sababu yuko mtu wa kusema, "Huyu ni fulani mwana wa fulani."

Kusema hivyo, lakini, si rahisi. Picha iliyotuchosha kuliko zote ni ya kivukoni, yaani malka. Ng'ombe wamo majini, na mvulana amewafuata akiwa ameshika mkia wa wa mwisho. Nyuma ya picha hapana maandishi. Mzee mmoja alisema ni mwaka wa mafuriko makubwa ya 1961. Mwingine akakataa kabisa, akasema ni wakati wa El Nino, mwaka 1997. Walishindana kutwa nzima, na chai ikaisha. Mwishowe bibi mmoja aliyekuwa amekaa kimya alitutaka tutazame ng'ambo ya mto. Pale juu wamesimama ngamia wengi. "Ngamia kama hawa," alisema, "tulikuwa nao kabla ya Daba." Kisha akatuuliza kama twaona mathenge ukingoni. Hatukuuona; palikuwa na mikoma na migunga tu. Mti wa mathenge uliletwa Kenya mwaka 1973, tena kwanza huko pwani, na leo umeziba kingo za mto wetu. Basi yule aliyesema 1961 alikuwa karibu zaidi na kweli, ingawa mwaka wenyewe hatukuuandika, maana ngamia na miti haitaji tarehe.

Daba, kwa vijana wasiojua, ni jina walilolipa wazee miaka ya vita vya shifta, na maana yake ni kusimamishwa. Hali ya hatari ilitangazwa huku kaskazini mwezi wa Desemba 1963, na mapatano yalifanyika Arusha mwaka 1967. Katika muda ule watu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, kama Merti na Garba Tulla, wasiweze kuhama na mifugo yao, na mali ya nyumba nyingi ilikwisha. Aliyeng'oa hema kwa haraka alichukua watoto na vyombo vya maziwa, hakufikiri karatasi. Kwa hiyo picha za kabla ya 1963 tulizozipata zinahesabika kwa vidole, nazo ziliokoka kwa kuwa zilikuwa kwa jamaa waliokaa Isiolo mjini.

Twasisitiza habari ya tarehe kwa sababu nyingine pia. Katika miaka hii maji ya Waso wakati wa kiangazi yamepungua sana, kwa kuwa huko juu hutolewa mengi kwa kilimo, na mara nyingi mto hukauka kabla ya kutufikia. Panapokuwa na mkutano wa kugawana maji, watu wetu husema, "Zamani yalifika hapa." Huulizwa, lini, na mwezi gani? Picha ya mvulana yule na ng'ombe wake haiwezi kujibu, kwa kuwa hatujui kama ilipigwa masikani au katikati ya jua kali. Mstari mmoja wa kalamu ungalitosha.

Hapana budi pia tutaje lililowafanya wazee wengine wakatae kufungua masanduku. Miaka mingi iliyopita mgeni mmoja aliazima picha kutoka nyumba kadhaa, akaahidi kuzirudisha baada ya mwezi. Hazijarudi hata leo, na miongoni mwao ilikuwamo picha pekee ya marehemu baba wa mwanachama wetu. Tuliona haya kumwomba tena, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha njia: nakala ichukuliwe kwa simu pale pale mlangoni, mwenye picha akitazama, na picha isivuke kizingiti. Hivyo ndivyo tulivyofanya. Mjane mmoja alituruhusu kunakili lakini akakataa nakala isionyeshwe hadharani, nasi tumetii.

Zimebaki picha nne zisizo na majina. Katika moja yupo mwanamke kijana anayeteka maji katika shimo lililochimbwa mchangani, katikati ya mto mkavu, na mtoto mgongoni anatazama kamera. Nakala yake itakuwapo mezani siku ya mkutano mkuu. Anayemjua mama huyu, au mtoto yule, ambaye huenda sasa ni mtu mzima kati yetu, na amwambie katibu kabla ya mkutano kufungwa.