Datsun 240Z: Ndai ya Safari Rally Iliyoshuka Bei, Kisha Ikauzwa Milioni 31

Kila mtaa una ule msee anakuambia, "Buda, hii ndai weka tu, ikizeeka itakuwa dhahabu." Kabla umpee doh zako, cheki kwanza stori ya Datsun 240Z.

Ni ndai gani hii?

Nissan walianza kuitengeneza Japani mwaka wa 1969. Kwao iliitwa Fairlady Z, Marekani ikauzwa kama Datsun 240Z: viti viwili, boneti refu, injini ya silinda sita ya lita 2.4. Huku kwetu ilijijengea jina kwa vumbi na matope. Edgar Herrmann alishinda nayo East African Safari Rally ya 1971, na Shekhar Mehta akashinda nayo tena 1973. Muulize mzee wako, anaijua.

Bei ilianza wapi?

Mwaka wa 1970 Marekani ilikuwa dola 3,526. Kwa shilingi za wakati huo, kama 25,000 hivi.

Halafu ikashuka. Modeli mpya zilitoka, 240Z ikawa gari kuukuu kama zingine. Adui mkubwa alikuwa kutu: ilikula sakafu, ikala chini ya betri, ikala fremu. Nyingi ziliishia kukatwakatwa zikauzwa spea.

Ilipandaje?

Zilipopungua ndio watu wakaanza kuzitafuta. Kwa miaka ya 1990, Nissan wenyewe walinunua 240Z kadhaa za zamani Marekani, wakazitengeneza upya na kuziuza karibu dola 25,000 kila moja.

Januari 2020 ikawa noma. 240Z moja iliuzwa kwa mnada wa mtandaoni dola 310,000. Hiyo ni kama shilingi milioni 31! Ilikuwa imetembea maili kama 21,000 pekee, na karibu kila kitu kilikuwa bado cha kiwandani.

Sasa piga hesabu

Hapa ndipo wengi huchomeka. Ukiweka mfumuko wa bei, zile dola 3,526 za 1970 ni kama dola 23,000 za 2020. So mtu aliyeweka 240Z yake miaka 50 akaiuza 23,000 hajaomoka. Amerudisha tu pesa yake. Toa bima, fundi na mahali pa kuiweka, ameingia hasara. Faida iliendea wachache wenye gari safi ambayo haijaguswa.

Na wewe je?

Ndai nyingi hushuka na hazipandi tena. Demio au Vitz ziko kila kona, nani atazitafuta kesho? Na ile Subaru umebadilisha mafla, rimu na rangi, umeipunguzia bei kwa mtu anayetaka orijino.

Usifikirie pia utaagiza 240Z Japani kirahisi. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita umri wa miaka minane. Unatafuta zile zilizobaki hapa.

Ukipata ya zamani inauzwa, fanya hivi:

- Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile ziko kwa logbook. Zisipofanana, ondoka.
- Inua kapeti, ingia chini na tochi. Rangi mpya inaweza kuficha kutu.
- Uliza fundi bei ya spea kabla ulipe, sio baada.
- Uliza kama vipande vya kiwandani vilivyotolewa bado viko. Vikiwa kwa stoo, beba vyote.

Na usichukue loan ya Sacco kununua ndai ukisema ni uwekezaji. Loan inakatwa kila mwezi, na 240Z ilingoja miaka 50. Nunua gari ya zamani juu unaipenda na unataka kuiendesha. Ikipanda bei siku moja, hiyo ni bonasi.