Utajiri na Umri

Desturi ya watu wengi ni kupima neema ya nchi kwa wingi wa fedha zake, kama mchuuzi apimavyo siku yake kwa mauzo. Kipimo hicho si cha uongo, lakini ni kifupi. Historia ya nchi mbili za bara la Amerika, Marekani na Costa Rica, yatosha kuonyesha ufupi wake.

Marekani ni dola kubwa yenye watu zaidi ya milioni 330. Costa Rica ni nchi ndogo iliyo kati ya Nicaragua na Panama. Watu wake ni milioni 5 hivi, na kwa muda mrefu ilitegemea kahawa na ndizi. Mwaka 2019 pato la Marekani, kama lingaligawanywa sawasawa, lingalimpa kila mtu dola 65,000 hivi. La Costa Rica, dola 13,000 hivi. Kwa hesabu hiyo Mmarekani mmoja alikuwa sawa na wenyeji watano wa Costa Rica. Lakini mwaka huo huo mtoto aliyezaliwa Marekani alitazamiwa kuishi miaka 79 hivi, na wa Costa Rica miaka 80 hivi. Maskini alimpita tajiri katika jambo ambalo tajiri angelinunua kwanza kama lingeuzwa.

Jambo hili halikuwa bahati. Mwaka 1869 Costa Rica iliamuru elimu ya msingi iwe ya lazima na bila malipo. Mwaka 1941 Rais Rafael Ángel Calderón Guardia aliunda bima ya jamii, ili mfanyakazi akiugua asitupwe. Mwaka 1948 vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe, na upande wa Calderón ukashindwa. Mshindi, José Figueres, alifanya mambo mawili yasiyo kawaida ya washindi. Kwanza, hakuibomoa bima iliyojengwa na adui wake. Pili, tarehe 1 Desemba 1948 alishika nyundo akaupiga ukuta wa kambi ya Bellavista mjini San José, kuwa ishara ya kufutwa kwa jeshi. Katiba ya 1949 ikalithibitisha jambo hilo. Leo kambi ile ni Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1961 katiba ikaagiza bima ile ienezwe kwa watu wote, na katika miaka ya 1990 vikundi vya waganga na wauguzi vikapewa vijiji na mitaa ya kuangalia.

Marekani ilishika njia nyingine. Mwaka 1965 serikali ya Lyndon Johnson iliweka bima kwa wazee na kwa maskini. Wengi waliobaki waliachwa wategemee waajiri wao. Mwaka 2023 watu wapatao milioni 26 hawakuwa na bima yoyote, katika nchi yenye hospitali na vyuo vinavyosifiwa ulimwenguni kote.

Haki yataka mizani ishikwe kwa mkono usiotetemeka. Marekani imewapa watu wake mishahara mikubwa na nafasi nyingi za elimu ya juu, na kila mwaka wageni wengi hubisha hodi mlangoni pake. Costa Rica nayo si pepo. Pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho ni pana, na mwaka 2023 watu zaidi ya 900 waliuawa humo, wengi wao kwa ugomvi wa wachuuzi wa dawa za kulevya. Kwa kulinganisha idadi ya watu, mauaji hayo yalizidi yale ya Marekani. Umri mrefu uliopatikana kwa kazi ya vizazi waweza kupunguzwa kwa uzembe wa kizazi kimoja.

Basi atakaye kujua hali ya maisha ya nchi asiulize tu ina kiasi gani. Na aulize pia ilipokuwa na kidogo ilinunua nini kwanza, na kama walioshindana juu yake walikubali kukilinda.