Vigae vya Majina: Mitaa ya Makabwela Iringa na Mbeya

Mwaka 1957 na 1958 wanaakiolojia walipiga kambi Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini Iringa, wakafukua mashoka ya mawe yaliyochongwa zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Isimila imeingia katika vitabu vya historia ya dunia. Miyomboni, Kitanzini na Makorongoni, walikoishi wapagazi, mafundi na wauza sokoni wa mji huohuo, hazimo.

Sababu mojawapo imo katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa jengo la kale lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Iringa ya leo ilianzishwa na Wajerumani kama kituo cha kijeshi mwaka 1896, na Mbeya ikaanzishwa na Waingereza mwaka 1927, enzi za dhahabu ya Lupa. Miji yote miwili, basi, ilizaliwa nje ya mstari. Waziri anaweza kulitangaza jengo la baadaye kuwa la kuhifadhiwa, na milango ya nakshi imesogezewa mwaka wake hadi 1940. Lakini nyumba ya dobi iliyojengwa kwa tofali za udongo haina mlango wa nakshi. Boma la Iringa, lililojengwa mwaka 1914 kuwa hospitali ya kijeshi ya Wajerumani, limesalimika, na tangu 2016 ni makumbusho. Tofali za udongo, paa likishaondolewa, hurudi kuwa udongo baada ya masika machache.

Kwa hiyo anayetaka kuchimba mitaa hiyo aanze na kilichobaki, nacho ni majina. Hapa sisi wapenzi wa lugha tunayo kazi ambayo sururu haiiwezi.

Tuanze na silabi ndogo, -ni. Miyomboni ni penye miyombo. Makorongoni ni penye makorongo. Miti imekatwa, maduka yamesimama, lakini kiambishi bado kinatuambia mwenye kulitamka jina hilo kwa mara ya kwanza aliona nini mbele yake. Hakuona mtaa, aliona msitu na mifereji iliyochimbwa na maji ya mvua.

Kitanzini ni kaburi zaidi kuliko picha. Wazee wa Iringa husimulia kuwa hapo ndipo Wajerumani walipowanyonga waliowapinga. Tukumbuke mfuatano wa mambo: tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivunja kikosi cha Zelewski pale Lugalo, tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Mkwawa pale Kalenga ikaangushwa, tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa akajiua ili asitekwe. Fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, kwa sherehe, mbele ya Gavana Twining. Walionyongwa mjini hawakurudishiwa chochote. Wamebaki katika neno ambalo abiria hulitaja kila siku wakishuka kwenye daladala.

Tena tazama lugha ya majina yenyewe. Iringa inatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Gangilonga, mtaa wa viwanja vikubwa chini ya jabali lake, ni Kihehe pia: jiwe linenalo. Lakini Miyomboni, Kitanzini na Makorongoni ni Kiswahili kitupu. Hilo ndilo tabaka la pili la udongo. Kiswahili kilipanda nyanda za juu pamoja na askari, wapagazi na wachuuzi, kikawa lugha ya watu waliotoka pande mbalimbali na kukutana kwenye kazi. Mtaa wa kazi ulijiita kwa lugha ya kazi. Naona huu ni ushahidi mzito kuliko vigae vingi.

Mbeya ina somo jingine, chungu kidogo. Kulikuwa na Uzunguni, kukawa na Uhindini, kila moja ikitajwa kwa watu wake. Mwafrika alipata Majengo. Si jina la watu, ni la vitu vilivyojengwa. Wakazi wenyewe hawamo ndani yake. Jina hilohilo utalikuta Moshi, Mombasa na Nairobi. Mkoloni aliupanga mji kwa rangi, na sarufi yetu ikauhifadhi mpango wake kwa usahihi kuliko ramani. Mabatini nayo ina siri yake: jina kama hilo haliwezi kuzaliwa mahali ambapo kila nyumba imeezekwa kwa bati. Limezaliwa palipokuwa na nyasi, bati likiwa jambo la kutazamwa.

Kisha lipo jina nilipendalo kuliko yote, Mafiati. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikakatiwa njia yake ya kusini. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia na Tanzania ya usafirishaji wa barabarani, ikatumia malori ya Fiat kupeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba. Barabara ilikuwa ya vumbi na matope, na madereva wa Kizungu waliifananisha na jehanamu. Mbeya ilikuwa njiani. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, reli ya TAZARA ikafuata katikati ya miaka ya 1970. Fiat ni kifupisho cha Kitaliano cha kiwanda cha magari cha Torino. Mbeya ikakiongezea ma- mbele na i nyuma, kikawa nomino halali ya wingi. Jirani yake ipo Soweto, nayo kifupisho, cha vitongoji vya kusini-magharibi mwa Johannesburg; na ipo kata ya Ghana, yenye jina la nchi iliyopata uhuru tarehe 6 Machi 1957. Makabwela wa Mbeya walisikiliza habari za Afrika, wakazijenga kwenye anwani zao.

Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima iliingia katika zoezi la anwani za makazi na postikodi. Kila njia ilitakiwa iwe na jina kwenye nguzo, kila nyumba namba yake. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa yake. Lakini nguzo moja hubeba jina moja tu, na vichochoro vya miji hii vilikuwa na majina mawili matatu: la fundi baiskeli, la kisima, la mama muuza pombe. Yale yasiyoandikwa yamo vinywani mwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na ni hayo ya kuyaandika kwanza, pamoja na maelezo ya nani aliyatumia na kwa nini.