Aliyetangulia Cheo Chake

Kiswahili kina utaratibu wake wa kuwaheshimu wafu: mtu hupata cheo, kisha hufa, ndipo tunapomwita hayati au marehemu fulani. Utaratibu huo unanigomea kila nikitaka kuandika habari za Ellis Humphrey Evans, mtoto wa wakulima wa Trawsfynydd, Wales, aliyejulikana kwa lakabu ya Hedd Wyn.

Lakabu ndilo neno hasa, na mpenzi wa mashairi yetu hahitaji kuelezwa. Alipewa na washairi wenzake mwaka 1910. Maana yake ni amani nyeupe, na kwa Kiwelisi weupe huo hubeba pia baraka. Alichunga kondoo katika shamba la Yr Ysgwrn, akatunga kwa kanuni kali za urari wa sauti. Aliyekulia kwenye vina na mizani atazielewa upesi.

Neno "askari" nalitumia shingo upande. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, sheria ya mwaka 1916 iliwalazimisha wanaume kuingia jeshini, naye akajiunga ili mdogo wake asichukuliwe. Hata baada ya kuvishwa sare aliruhusiwa kwa wiki kadhaa arudi kulima. Julai 1917, akiwa Ufaransa, alikamilisha shairi lake "Yr Arwr", yaani Shujaa, akalituma mashindanoni. Tarehe 31 mwezi huohuo aliuawa Pilckem, Ubelgiji, siku ya kwanza ya mapigano ya Passchendaele. Alikuwa na miaka 30.

Septemba 6, mjini Birkenhead, mshindi wa Eisteddfod, tamasha kuu la Wawelisi, alitangazwa kwa jina la siri alilotumia kwenye mashindano: Fleur-de-lis. Tarumbeta zikalia, akaitwa asimame. Hakusimama mtu. Kiti cha ushindi, kilichochongwa na Eugeen Vanfleteren, mkimbizi kutoka Ubelgiji, kikafunikwa kitambaa cheusi, na mpaka leo huitwa Kiti Cheusi.

Mshindi wa kiti hicho Wawelisi humwita "prifardd", nami nasema malenga mkuu. Lakini "marehemu malenga mkuu" inageuza mambo. Hakuwa malenga mkuu kisha akafa. Alikufa, ndipo akawa malenga mkuu. Kwa hiyo marehemu naliweka kando, nikaandika "Malenga Mkuu Hedd Wyn", kama yalivyochongwa maneno kwenye jiwe la kaburi lake huko Boezinge.