Urafiki wa Ubungo na Amana ya Nguo Zetu
Kabla mashine hazijanguruma Ubungo, kitongoji ambacho zamani kilihesabiwa katika wilaya ya Kinondoni, kanga walizojitanda wanawake wa Mrima zilichapwa ng'ambo, Uholanzi, Uingereza, India na Japani, kwa nakshi zilizoagizwa na matajiri wa pwani, mithili ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, iliyoanza biashara mwaka 1887, na ambayo chapa yake ya “Mali ya Abdulla” imerithiwa kizazi baada ya kizazi. Hata ulipowadia mwaka 1968, kwa msaada wa China, kikafunguliwa kiwanda cha Urafiki, ambamo pamba ilisokotwa, ikafumwa, ikatiwa rangi na kuchapwa mahali pamoja. Na mwaka 1997 kikawa shirika la ubia, Wachina wakishika asilimia 51 na Serikali 49. Ukoo wa wafanyabiashara huitunza tarikhi yake kwa sababu ni mali ya warithi. Lakini kiwanda kilichoanza kikiwa cha umma hakina mrithi ila umma wenyewe, na kwa hiyo kuhifadhi sampuli, daftari na mashine zake kuukuu ni dhamana ya makumbusho ya taifa, wala si hisani.